Ford T, Dodge Brothers au Ford A: lipi litakuwakia asubuhi ya baridi?

Mpwa wangu yuko Minneapolis. Wiki kadhaa zilizopita alinitumia ujumbe wa sauti: “Shikamoo mjomba. Kuna Ford T ya 1923 inauzwa huku, na kuna Ford A ya 1930, bei hazipishani sana. Nichukue ipi?” Kesho yake akaongeza la tatu, Dodge Brothers ya 1921 ambayo mjane mmoja anataka kuitoa gereji. Nikamjibu marahaba, kisha nikamuuliza swali moja tu: utaliendesha wakati wa baridi, au litafunikwa turubai kuanzia Novemba mpaka Aprili? Akasema anataka kuliendesha. Siku ya Krismasi anataka awapeleke watoto kanisani nalo.

Kwa jibu hilo mambo ya rangi, viti na mwendo yakasogea nyuma. Watu wengi huliendea gari la kale mwezi wa saba, jua linawaka, muuzaji anagusa stata na injini inaitika papo hapo. Mimi naishi Michigan, nyumbani kwa magari haya, na nimeyashika miaka kadhaa sasa. Mawili ni yangu, mengine ni ya majirani wanaoniita wakikwama. Mwezi wa saba yote yanafanana. Mwezi wa kwanza kila moja linakuwa mtu wa peke yake. Kwa hiyo nayalinganisha kwa asubuhi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, gari limelala nje, uko peke yako, na hakuna wa kukusukuma.

Baridi inafanya nini

Kwanza inakunyima nguvu ya kuzungusha injini. Oili ikipoa inakuwa nzito kama asali, na wakati huohuo betri nayo inalegea: betri ya asidi iliyolala kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inatoa chini ya nusu ya nguvu yake ya siku ya joto. Mzigo umezidi na mbebaji amekonda.

Pili, inaizuia petroli isigeuke mvuke, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Petroli ya majimaji haiwaki ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Tena petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa sehemu nyepesi zinazoruka upesi na sehemu nzito zinazotaka joto. Asubuhi ya baridi zile nyepesi tu ndizo zinazoruka. Nzito zinabaki matone, zinagandamana na kuta za bomba la kuingizia, hazifiki zinakotakiwa. Choki ipo kwa sababu hiyo: unaiziba hewa ili injini ifyonze petroli nyingi kupita kiasi, na katika wingi huo sehemu nyepesi ipatikane ya kutosha kushika cheche.

Magari yote matatu yana kabureta iliyokaa chini, na mchanganyiko unapanda juu kwenda kwenye vavu. Kwa Ford zote mbili sababu ni rahisi kuiona: hakuna pampu ya petroli. Mafuta yanateremka yenyewe kutoka kwenye tangi, basi kabureta lazima iwe chini ya tangi. Injini ikiwa ya moto mpangilio huu hauna taabu. Ikiwa baridi, unaliomba tone la petroli lipande mlima kwenye bomba la chuma lililoganda, injini ikizunguka polepole na mvuto wake ukiwa hafifu. Tone linachoka njiani na kurudi chini. Lakini kuna heri yake pia: petroli ikizidi inadondoka chini nje ya kabureta, haiingii yote kwenye silinda. Ndiyo sababu ukiona dimbwi dogo chini ya kabureta baada ya kuvuta choki, subiri likauke kabla hujajaribu tena. Injini ikipiga chafya kurudi nyuma wakati dimbwi lipo, unaweza kuwasha moto ambao hukuutaka.

Na petroli yenyewe ilibadilika mikononi mwa watu wale. Miaka ya mwanzo ya magari ilikuwa nyepesi, inaruka hata kwenye baridi ya kiasi. Magari yalipokuwa mengi kuliko mafuta, wasafishaji wakaanza kuacha ndani ya petroli sehemu nzito zaidi, na kuanzia 1913 njia ya William Burton wa Standard Oil ya Indiana ikawawezesha kuvunjavunja mafuta mazito ili wapate petroli zaidi kutoka pipa lilelile. Wenye magari wakaona injini iliyokuwa ikiwaka kwa mizunguko miwili sasa inataka kumi. Mabomba ya kupasha hewa na sehemu za moto kwenye manifoldi (lile bomba la kuingizia), ambazo utaziona kwenye magari ya miaka ya 1910 na 1920, nyingi ziliwekwa kwa ajili ya kupambana na petroli nzito.

Ford T, gari linalotaka uwe fundi wake

Ford T ilitengenezwa 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Injini ni silinda nne, lita 2.9, nguvu za farasi 20. Cadillac ilishaweka stata ya umeme kwenye magari yake ya 1912, kazi ya Charles Kettering, lakini Ford ilingoja hadi 1919, na hata hapo aliyetaka gari la wazi aliilipia zaidi. Swali la kwanza kwa T yoyote basi ni kama ina stata au ni hendeli tupu, ya kuzungusha injini kwa mkono. Ile ya 1923 ya Minneapolis inayo.

Hata ikiwa na stata, hendeli ipo pale mbele, na kuna siku itakuhusu. Nilikulia Njombe. Baba mdogo alikuwa na Land Rover ya zamani, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, umande umeganda kwenye majani, stata ilikuwa inaguna tu. Akiichukua hendeli alikuwa akipiga kelele neno moja kwa kijana yeyote aliyetaka kumsaidia: “Gumba! Gumba!” Maana yake kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli. Injini ikipiga kurudi nyuma, mkono ulioikumbatia hendeli hauna pa kutokea. Enzi za Ford T ajali hii ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba vunjiko la mfupa karibu na kifundo cha mkono lilipewa na madaktari jina la vunjiko la dereva.

Kwenye T unafanya hivi. Wenzo wa cheche, ulio kushoto chini ya usukani, unaupandisha juu kabisa ili cheche ichelewe. Ukiusahau, huko ndiko kupiga nyuma kunakotoka. Wenzo wa mafuta, wa kulia, unaushusha kidogo. Ndani kuna kifundo cha kurekebisha mchanganyiko. Unakifungua robo hadi nusu mzunguko kuliko kawaida. Unaenda mbele. Chini ya rejeta, upande wako wa kushoto ukiwa umelitazama gari, kuna kitanzi cha waya kimechungulia. Hicho ni choki. Unakivuta kwa mkono mmoja, na kwa mwingine unapandisha hendeli robo mzunguko mara mbili au tatu, swichi ikiwa imezimwa. Kabureta inafyonza kwa sauti kama mtu anayenywa chai ya moto. Ukiisikia hiyo, petroli imefika. Unaachia kitanzi, unawasha swichi, unarudi mbele, na sasa unavuta juu kwa mkono wa kushoto. Kuvuta juu tu. Kusukuma chini kunakuweka juu ya hendeli kwa uzito wako wote ikirudi.

Swichi ya T ina sehemu mbili, betri na magineto. Magineto, yaani kizalisha umeme cha sumaku, imejengwa kwenye gurudumu zito la injini, na umeme wake unafuata mwendo: injini ikizunguka polepole kwa hendeli unakuwa hafifu, na koili nne za kutoa cheche, zilizo kwenye sanduku la mbao, hazivumi vizuri. Kwenye baridi washa kwa betri, injini ikishika hamisha kwenda magineto. Utasikia sauti ikinyooka. T za kabla ya 1919 hazikutoka na betri ya kuchajiwa, ila wengi wameshaziongezea, na ningekushauri usinunue ya kutumia msimu wa baridi ambayo haina.

Sasa jambo ambalo T inalo na mengine mawili hayana. Klachi yake ni sahani zaidi ya 20 zinazoogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili ikiganda sahani zinashikana, na hakuna gia huru (nyutro) ya kweli. Ukizungusha hendeli unazungusha na magurudumu. Injini ikiwaka, gari linakufuata. Watu wamebanwa ukutani na magari yao wenyewe kwa sababu hii. Dawa ya wazee wa huku ni kupiga jeki gurudumu moja la nyuma likae hewani, kuweka kabari madhubuti kwenye mengine, na kusukuma wenzo wa breki mbele. Gurudumu lililo hewani linazunguka pamoja na injini na uzito wake unaisaidia ivuke mgandamizo wa silinda inayofuata. Nimeifanya. Inasaidia kwelikweli, lakini fikiria kama unataka kuifanya kwenye theluji ukiwa umevaa suti ya kanisani. Siku hizi oili nyepesi kama 5W-30 inapunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, na T yoyote inayobaki nje ningeitoa oili nzito siku hiyohiyo.

Zamani hawakuwa na oili hiyo. Walikuwa wakiitoa oili jioni na kuingia nayo ndani, ilale karibu na jiko. Maji ya rejeta nayo yalitolewa usiku, na asubuhi yakarudishwa yakiwa ya moto. Njia nzuri kuliko zote, na ninayoitumia mpaka leo, ni birika. Unafunga kitambaa kwenye bomba la kuingizia, juu ya kabureta, na unamwagia maji yanayochemka polepole. Petroli iliyokuwa inagandamana na ukuta wa bomba sasa inakuta ukuta wa moto. T ambayo imenikatalia kwa hendeli mara 15 imewaka kwa robo mzunguko baada ya birika moja. Ukiiona mara moja utaelewa kwamba tatizo halikuwa cheche wala petroli kukosekana. Lilikuwa mvuke.

Kuna kipande kimoja cha kuangalia kabla hujatoa pesa: bomba la bati linalotoka kwenye ekzosi kwenda kwenye mdomo wa kabureta. Linaipa kabureta hewa iliyopashwa. Wengi walilitupa kwa sababu linaonekana kama takataka, na bila hilo, siku ya unyevu ya nyuzi 2 au 5 juu ya sifuri, gari litawaka vizuri, litakwenda maili chache, kisha litaanza kukaba na kuzima. Petroli ikigeuka mvuke inachukua joto kutoka kwenye chuma cha kabureta, unyevu wa hewa unaganda ndani yake, njia inazibwa na barafu. Ukisimama dakika kumi joto la injini linaiyeyusha, gari linawaka kama halijawahi kuugua, na fundi asiyejua atakubadilishia plagi, koili na waya zote bila kugusa ugonjwa.

Na rejeta. Karibu T zote, isipokuwa za mwanzo kabisa, hazina pampu ya maji. Maji yanazunguka kwa sababu ya moto hupanda na baridi hushuka. Kabla injini haijapata moto hakuna mzunguko, basi sehemu ya chini ya rejeta inaweza kuganda huku injini inachemka. Weka dawa ya kuzuia kuganda ya kutosha na kipande cha boksi mbele ya rejeta.

Nimekaa sana kwenye T kwa sababu inastahili, na kwa sababu ninaipenda. Hakuna gari linaloonyesha wazi zaidi kinachotokea ndani ya injini. Vipuri vipya vinatengenezwa hadi leo, karibu kila kimoja. Lakini ni gari la mtu mwenye muda asubuhi.

Dodge Brothers, lenye stata ya kimya

Dodge Brothers ilianza mwishoni mwa 1914, na tangu gari la kwanza ilikuwa na stata ya umeme, tena ya volti 12 wakati wengine wengi walikuwa kwenye 6. Injini ni lita 3.5, nguvu za farasi 35. Mashine moja, iliyotengenezwa na kampuni ya North East, inafanya kazi mbili: inaiwasha injini na inachaji betri. Imefungwa kwenye injini kwa mnyororo muda wote, basi hakuna meno ya kugongana. Ukibonyeza, injini inaanza kuzunguka bila kelele. Na injini ikitaka kuzima barabarani, ile mashine inaendelea kuizungusha mpaka ishike tena. Kwa asubuhi ya baridi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu injini baridi huzima mara tatu kabla haijatulia, na hapa unabaki umekaa kwenye kiti chako.

Volti 12 nazo zinakufaa: betri ni ya kawaida, ya duka lolote, na waya haziumii sana. Kwa kuzungusha injini iliyoganda, Dodge nzima inaishinda T nzima na inaishinda A.

Udhaifu uko kwenye kuifikisha petroli. Tangi liko nyuma, chini kuliko kabureta. Magari ya mwanzo yalipandisha petroli kwa shinikizo la hewa, dereva akipiga pampu ya mkono kabla ya kuwasha. Baadaye likaja tangi dogo la Stewart karibu na injini: mvuto wa injini unafyonza petroli kutoka nyuma mpaka kwenye kijitangi, kisha inateremka yenyewe kwenda kwenye kabureta. Ni kitu cha akili nyingi. Lakini gari likikaa wiki mbili tatu petroli ya kwenye kijitangi inaruka au inavuja, na ili kuijaza tena injini lazima izunguke, na ili izunguke kwa nguvu zake inataka petroli. Unamaliza betri kwa kuzungusha injini kavu. Dawa ni kufungua kizibo cha juu na kumimina petroli kiasi cha kikombe. Anayeijua anafanya dakika mbili. Asiyeijua anaita gari la kukokota.

Ile ya Minneapolis imekaa miaka mingi, na hapa ndipo nilipomsimamisha mpwa wangu. Mashine ile ya stata na dainamo ikiungua, kuipata ya kubadilisha si kazi ya siku moja. Hupati kila kipuri kwa kupiga simu kama kwa Ford. Dodge iliyoamka na inayotumika, ichukue kwa mikono miwili. Iliyolala, mwachie mwenye karakana.

Ford A, la kuingia na kuondoka

Ford A ilionyeshwa Desemba 1927, na mpaka mwanzo wa 1932 yalikuwa yametoka karibu milioni 5. Lita 3.3, nguvu za farasi 40, pampu ya maji, distribyuta ya kugawa cheche na koili moja badala ya nne, na klachi kavu. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa: unakanyaga klachi na oili nzito ya gia haikuhusu tena, injini inazunguka peke yake, na gari halikufuati.

Tangi liko mbele ya kioo cha mbele, juu ya miguu yako, juu sana ya kabureta. Petroli inashuka yenyewe, iwe umekaa wiki au miezi. Kwenye T nyingi tangi liko chini ya kiti, na petroli ikipungua kwenye mlima mkali injini inakosa mafuta; kwa sababu hiyo watu walipanda milima kwa kurudi nyuma. T nyingi za 1926 na 1927 zililetewa tangi la mbele, na kama moyo wako uko kwenye T, hizo ni bora kwa hilo.

Kuwasha A ni hivi. Fungua valvu ya petroli. Wenzo wa cheche juu, wa mafuta chini meno machache. Fimbo ya choki iko upande wa abiria, na kichwa chake ndicho pia cha kurekebishia mchanganyiko: kizungushe kinyume cha saa mzunguko mmoja kamili kuongeza petroli. Washa swichi, kanyaga klachi, bonyeza stata kwa mguu huku umeivuta fimbo. Hesabu mizunguko miwili, mitatu, iachie. Hapo ndipo wageni wanapokosea: wanaishikilia choki mpaka injini ishike, na kufikia hapo petroli imeshaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti cha oili unuse. Oili ikinuka petroli, mwenye gari amekuwa akivuta choki kupita kiasi, na beringi za injini ndizo zinazolipa.

Udhaifu wa A kwenye baridi ni volti 6. Nusu ya A ninazoitiwa kwamba hazizunguki hazina ugonjwa ila waya: mtu kanunua waya za betri za gari la kisasa la volti 12, nyembamba, nazo haziwezi kupitisha umeme mwingi unaotakiwa kwenye volti 6. Zishike baada ya kujaribu stata. Zikiwa za moto, umeme unaishia hapo. Weka waya nene, sugua mahali pa kugusana na bodi mpaka chuma king’ae, na stata ileile iliyokuwa inaguna itazunguka. Kabureta ya Zenith nayo ina jeti (vitundu vya kupitishia petroli) nyembamba zinazoziba kwa kutu ya tangi. Na bomba la hewa ya moto kama la T haina. Inavuta hewa iliyo wazi, basi siku ya unyevu barafu ya kabureta nayo inawezekana.

Mengine, kwa ufupi

Aliniuliza pia habari za magari ya mvuke na ya umeme. Stanley ya mvuke haina hendeli wala choki, ila unawasha moto na kungoja presha ipande, dakika 20 au zaidi, na ukiacha maji ndani usiku wa baridi mabomba yanapasuka. Detroit Electric unakaa na kuondoka, asubuhi yoyote, ila baridi inakula mwendo wa betri. Walio Uingereza watauliza Austin Seven: tangi juu, injini ndogo ya sentimita za ujazo 747 ambayo mtoto mkubwa anaweza kuizungusha, na kwa baridi ya kule inatosha.

Petroli ya leo

Hapa magari yote matatu yanasimama mstari mmoja. Petroli inayouzwa wakati wa baridi kwenye nchi za baridi imetengenezwa kuruka upesi kuliko ya kiangazi. Usianze Desemba na tangi la Agosti. Tumia au toa, ujaze mpya. Ikiwezekana tafuta isiyo na ethanoli. Ethanoli inataka joto jingi zaidi kugeuka mvuke, na joto ndilo huna. Inavuta maji pia, na maji yakitengana yanatuama kwenye kikombe cha uchafu chini ya tangi na kuganda, njia inafungwa kabisa. Magari ya umri huu mengi yana boya la kabureta lililotengenezwa kwa kitu kilekile cha vizibo vya chupa za mvinyo, limepakwa vanishi ya zamani. Ethanoli inaila vanishi hiyo, boya linanywa petroli, linazama, na kabureta inafurika.

Mkono kwenye injini

Mtu anayetaka kujifunza na ana gereji yenye paa, nampa T, hasa ya 1926 au 1927 yenye bomba lake la hewa ya moto. Aliyepata Dodge inayotembea kila wiki asiiache. Mpwa wangu ana watoto watatu, kazi ya zamu, na gari litalala nje. Nilimwambia A.

Lakini nilimpa sharti. Usiende saa nane mchana kwa miadi. Nenda alfajiri, mwambie muuzaji usiku uliotangulia kwamba asiiguse. Ukifika, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja kwenye injini na kwenye rejeta. Mimi mwaka mmoja niliuziwa gari lililowaka kama kiberiti, na baadaye ndipo nikakumbuka kwamba theluji ya juu ya boneti ilikuwa imeyeyuka na ya juu ya paa ilikuwa nzima. Muuzaji alikuwa ameshaipasha kabla sijafika, na mimi nililiona lile boneti kwa macho yangu nikapita.

Jumamosi alinipigia kutoka uani kwa muuzaji, saa moja asubuhi. Nyuzi 12 chini ya sifuri. “Nimeshika injini mjomba, mkono unauma kwa baridi.” Nikamwambia ainuse oili, haikunuka petroli. Waya za betri? Nene kama kidole. Akaiweka simu juu ya kiti. Nikasikia stata ikivuta, nzito, mara moja, mara mbili, choki ikaachiwa, mara tatu, ikapiga chafya moja, ikashika kwa silinda mbili, kisha zote nne. Nikamwambia ashushe wenzo wa cheche, angoje ipate moto, na akizungushe kile kichwa cha choki kufuata saa mpaka kibaki robo.